Joto Wakati wa Kupukutika kwa Majani

SWALI: Mhariri, huku kaskazini mwa dunia majani yanapukutika, lakini wiki nzima kumekuwa na joto na mvua imenyunya mara moja tu. Kwa nini?

JIBU: Mara nyingi hali hiyo huletwa na mgandamizo mkubwa wa hewa unaotuama mahali pamoja kwa siku kadhaa, ambapo hewa kavu hushuka kutoka juu, ikabanwa na kupata joto la takriban nyuzi 10 za selsiasi kwa kila kilomita inayoshuka, hata mawingu yakayeyuka. Upepo wa kusini ukivuma, joto huzidi. Usiku ni habari nyingine: kwa kukosa mawingu, ardhi hupoa upesi, ndiyo maana alfajiri huenda unakuta umande mzito na ukungu ambao hutoweka jua likipanda.