Sijaona siku zangu tangu nijifungue: je, ninaweza kushika mimba?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, ninaishi Tanga, na mtoto wangu wa kwanza ana miezi 7. Alianza uji alipotimiza miezi 5, na kila asubuhi ninamwacha kwa mdogo wangu hadi saa nane mchana ninapotoka sokoni. Mume wangu anafanya kazi Geita na hurudi kila baada ya miezi miwili. Safari hii alikaa siku kumi, tukakutana kimwili mara kadhaa bila kinga, ingawa mara nyingi alimwaga nje. Sijaona siku zangu tangu nijifungue, na jirani alinihakikishia kwamba anayenyonyesha hashiki mimba. Leo ni siku ya tisa tangu aondoke, ninasikia kichefuchefu, na mama mkwe anasema tumembemenda mtoto kwa sababu anaharisha. Kliniki ninaogopa, kwani nasikia kijiti cha uzazi wa mpango huharibu kizazi. Nifanye nini?*
*Mama Mchanga*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya mengine yote nataka ujue kwamba kulala na mumeo si kosa wala si aibu. Ndiyo, mwanamke anaweza kushika mimba kabla hajaona siku zake za kwanza baada ya kujifungua. Yai ndilo linalotangulia. Damu hufuata takriban wiki mbili baadaye, tena ikiwa tu yai hilo halikutunga mimba. Kwa hiyo anayesubiri aone damu ndipo aanze kujikinga anaweza kukuta mimba imekwisha kuingia, na wapo kinamama waliotoka mimba moja hadi nyingine bila kuona hedhi hata mara moja katikati.

Jirani yako hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hupata ishara ya kupunguza homoni zinazokomaza mayai, na wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba kinga hiyo inafikia asilimia 98 au zaidi, mradi masharti matatu yatimie kwa pamoja: mtoto awe hajatimiza miezi 6, mama awe hajaona hedhi, na mtoto awe ananyonya tu, au karibu hivyo, usiku na mchana bila kuachwa kwa saa nyingi. Likivunjika moja, kinga haitegemewi tena. Kwako wewe limebaki moja tu, la hedhi. Mtoto ana miezi 7, anakula uji, na unapokuwa sokoni titi linakaa muda mrefu bila kunyonywa.

Kumwaga nje nako kusikupe moyo sana. Kati ya wanawake 100 wanaotegemea njia hiyo jinsi watu wanavyoitumia kwa kawaida, wapatao 20 hushika mimba ndani ya mwaka mmoja, na hapo wewe unaniambia ni "mara nyingi", si kila mara. Mbegu zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, zikilingoja yai.

Kichefuchefu chako hakithibitishi lolote, kwani mimba ya siku chache kiasi hicho kwa kawaida huwa bado changa mno kukuletea hali hiyo, na hofu peke yake yaweza kulichafua tumbo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5 tangu mlipokutana, tena mapema ndivyo bora, na mama anayenyonyesha anaruhusiwa kuvitumia. Safari hii muda wake umepita. Subiri zitimie siku 21 tangu mlipokutana mara ya mwisho, kisha pima mkojo wa asubuhi kwa kipimo cha duka la dawa au nenda zahanati. Ukipima leo, jibu la hapana linaweza kukupotosha.

Sasa niseme juu ya kubemenda, maana nahisi neno hilo ndilo lililokuumiza kuliko yote. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, na mbegu za baba hazina njia ya kufika kwenye titi. Wazee wetu waliona kwa macho yao kwamba mtoto ambaye mama yake hushika mimba mapema huachishwa ziwa ghafla, akakonda, akaandamwa na maradhi, nao wakawatenganisha wazazi ili kumlinda. Kwa maoni yangu walilenga jambo la kweli, yaani watoto wapishane, ingawa sababu waliyoitaja haikuwa yenyewe. Mweleze mama mkwe hivyo kwa upole, lakini mtoto anayeharisha usimwache mikononi mwa maneno: mpeleke zahanati leo, apewe maji ya chumvichumvi na zinki, na uendelee kumnyonyesha.

Kuhusu kijiti, nilimsindikiza mpwa wangu alipokwenda kuwekewa, na nesi alimpa cha mfano akishike: kitu laini, chembamba, chenye urefu unaokaribia njiti ya kiberiti. Huwekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu, upande wa ndani, baada ya ganzi, na hapo hapo utakipapasa kwa kidole. Kipo cha miaka 3 na kipo cha miaka 5, na ukikitoa wakati wowote uwezo wa kuzaa hurejea upesi. Wanaochelewa kidogo ni waliotumia sindano ya miezi mitatu, nao pia hawaharibiki kizazi. Kijiti kinaweza kuvuruga hedhi, na hilo uambiwe mapema usije ukashtuka. Ikiwa unatumia dawa za kifua kikuu, za kifafa au za kufubaza virusi vya UKIMWI, mweleze nesi, kwa sababu baadhi yake hupunguza nguvu ya kijiti, naye anaweza kukushauri kitanzi, ambacho pia kinamfaa anayenyonyesha. Katika vituo vya serikali huduma hii hailipiwi.

Ikiwa kipimo kitaonyesha mimba, anza kliniki mapema na usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu, kwani mimba isiyo na matatizo haizuii kunyonyesha. Mpigie mumeo simu mzungumze kabla maneno hayajamfikia kwa mtu mwingine.

Ikiwa huna mimba, kutoka siku ya kipimo zitabaki kama wiki tano kabla hajarudi. Siku unayompeleka mtoto kupimwa uzito, ulizia chumba cha uzazi wa mpango ukiwa na kadi yake mkononi. Ukiwekewa kijiti kabla hedhi haijarudi, nesi atakwambia usubiri siku 7 au utumie kondomu katika siku hizo, na wewe utakuwa umekwisha kuzivuka kabla mumeo hajapanda basi la kurudi.