Mnaotaka hisa za kampuni ndogo ya memori, angalieni deni kwanza

Vijana wetu wa hapa Malindi, hasa nyinyi mnaouza na kutengeneza simu pale mjini, naona siku hizi mwaingia hisa za Marekani kwa simu tu na swali ni lilelile, kuna kampuni ndogo ya chipu za memori, hisa yake rahisi, wakubwa wataimeza, niweke pesa? Mimi nimekaa na hisa za memori muda, wacha niwaambie ninavyoona.

Kumezwa kupo, tena sana. Wa kutengeneza DRAM, ile memori ya kazi iliyo ndani ya simu na kompyuta, zamani walikuwa wengi, leo soko karibu lote liko kwa watatu, Samsung, SK Hynix na Micron. Qimonda ya Ujerumani ilifilisika 2009, Elpida ya Japani 2012, na 2013 Micron ikaichukua. Sasa hapo kwa Elpida tulieni kidogo. Haikuwa kampuni ya mchezo, ilikuwa ya tatu duniani kwa DRAM, na ilinunuliwa kweli, kiwanda chake cha Hiroshima mpaka leo chafanya kazi chini ya Micron, lakini mwenye hisa za Elpida hakuona hata senti. Ilifilisika na deni la yen bilioni 448 hivi, na kampuni ikifilisika mambo huenda kama mirathi, deni la marehemu latangulia, warithi wanagawana kilichobaki kama kimebaki. Mwenye hisa ndiye mrithi.

Mwaka huohuo 2012 kulikuwa na Ramtron ya Colorado, ndogo kabisa. Cypress, kampuni nyingine ya chipu, ikataka kuinunua, Ramtron ikakataa bei ya kwanza, ikapandishiwa, mwisho ikachukuliwa kwa dola 3.10 kila hisa, jumla kama milioni 110. Yaani mwenye hisa za kampuni ndogo alilipwa, wa ile kubwa akatoka mikono mitupu! Ramtron ilikuwa na kitu chake, F-RAM, memori inayoandika haraka, inayovumilia kuandikwa mara nyingi mno na data haipotei stima ikikatika, ndiyo maana iliingia kwenye mita za stima, manake mita yaandika hesabu muda wote na umeme wenyewe mwaujua. Aliyeshaiweka kwenye mita yake hahami kesho kwa tofauti ya senti mbili. DRAM ya kawaida sivyo, ya huyu na ya yule zafanya kazi moja, kwa hivyo soko likijaa bei yaporomoka kwa wote. Micron yenyewe mwaka wa hesabu wa 2023 ilipata hasara ya dola bilioni 5.8, ikavumilia kwa sababu ina akiba. Mdogo mwenye deni atavumilia na nini?

Kwa hivyo kabla hujanunua fungua ripoti ya mwaka, kwa kampuni zilizo kwenye soko la Marekani iko bure kwenye tovuti ya SEC, msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani. Usikimbilie faida. Tafuta pesa taslimu, deni lote, na hilo deni lalipwa mwaka gani, kama laiva mwakani na kampuni yapoteza pesa kila robo mwaka basi achana nayo hata wakikwambia kuna mnunuzi mlangoni. Angalia pia mzigo uliolala ghalani, ukiona waongezeka na mauzo yashuka, bei ya chipu iko njiani kushuka.

Na tafadhalini, msitie pesa ya duka wala karo ya watoto, hisa hizi zinaweza kulala miaka.

Jambo jengine wengi hawaliangalii ni idadi ya hisa. Kampuni ndogo ikiishiwa huchapisha hisa mpya ikauza, hata ikija kununuliwa bei nzuri fungu lako limeshapungua. Linganisha ya mwaka huu na ya miaka mitatu nyuma, hiyo namba iko mwanzoni kabisa mwa ripoti, kwenye jalada.