Maswali ya Wafugaji: Kuku Wanadonoana Mpaka Damu

SWALI: Nina mitetea 12 wa mayai kwenye banda la mita 1 kwa 2 nyuma ya nyumba. Tangu waanze kutaga wanadonoana, na wiki hii wawili wametoka damu kwenye shina la mkia. Nawapa chakula cha kuku wa mayai, nusu nachanganya na mahindi yaliyoparazwa ili kisiishe upesi. Taa inawaka usiku kucha. Jirani ananishauri niwakate midomo. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu mfugaji, midomo iache. Shughulikia damu leo hii, kabla ya jambo lingine lolote. Kuku akishaona kidonda chekundu hukirudia, na wenzake humfuata. Aliyejeruhiwa asubuhi anaweza kufa kabla ya jioni. Watoe hao wawili, uwape maji na chakula chao pembeni. Osha vidonda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, kausha, kisha paka dawa ya vidonda vya mifugo yenye rangi nyeusi au ya buluu ili wekundu usionekane. Oili chafu ya gari, ambayo wafugaji wengine huipaka, ni sumu, na kuku huimeza anapojisafisha manyoya. Wasirudi bandani mpaka ngozi ifunge kabisa.

Sasa chakula, maana hapo ndipo tunapoona kosa kubwa. Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini asilimia 16 hadi 18. Mahindi yana asilimia 8 au 9 tu, hivyo mchanganyiko wako wa nusu kwa nusu unabaki na 13 hivi. Aliyepungukiwa protini hunyofoa manyoya ya wenzake na kuyala, na shina la mkia ndilo huanza kushambuliwa. Chumvi na kalisi zilizopimwa kwenye chakula hicho nazo umezipunguza nusu. Rudisha chakula kamili, gramu 110 hadi 120 kwa kila kuku kwa siku, yaani kama kilo 1.4 kwa wote 12. Mahindi yasizidi konzi mbili, nayo uyarushe jioni kwenye maranda wayachakure. Chagua chakula cha unga kuliko cha punje, kwa sababu huwachukua muda mrefu kukimaliza. Funga pia kichala cha majani mabichi kwa kamba, usawa wa vichwa vyao, wapate kitu cha kudonoa.

Banda ni dogo. Kuku 6 kwa mita ya mraba ni wengi mno; wasizidi 4, na nje kila mmoja apate angalau mita 1 ya mraba. Ama upunguze wabaki 8, ama uongeze banda lifike mita 3 za mraba. Kila kuku apate sentimita 10 za ukingo wa chombo cha chakula. Weka vyombo viwili mbali mbali, kwani wababe hulinda kimoja na wanyonge hushinda njaa.

Taa izimwe. Mwanga wa jua na wa taa kwa pamoja usizidi saa 16 kwa siku, na kuku asiyelala huwa mkali.

Angalia na viota. Kuku anapotaga, tundu lake hutokeza nje kidogo, likiwa jekundu na lenye unyevu. Akitagia mahali peupe, wenzake hulidonoa na huweza kumtoa utumbo. Kiota kimoja cha sentimita 30 kwa 30 kwa kila kuku 4, chenye pazia la gunia mbele, kinatosha.

Yote hayo yakiwa sawa na bado wanadonoana, kaa nusu saa uwatazame. Mara nyingi mchokozi ni mmoja. Mtenge siku 3 hadi 7 mahali wasipomwona, ili akirudi awe amepoteza cheo chake. Kukata mdomo kwa chuma cha moto kunaumiza mishipa ya fahamu, kuku hula kwa shida, na njaa ya protini haiondoki.

SWALI: Mitetea wangu 6 wamenyonyoka mgongoni na kisogoni tu, bila vidonda. Nina majogoo wawili.

JIBU: Hao hawadonoani. Jogoo anapompanda mtetea humshika kisogo kwa mdomo na kumkanyaga mgongo. Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10, basi mwondoe mmoja, na huyo anayebaki umsugue ncha za vikwaru, ile miba ya miguuni, kwa tupa ziwe butu. Usiku wamulike kwa tochi, upekue na nyufa za fito wanazolalia: utitiri hujificha humo mchana na kunyonya damu usiku, na muwasho wake huwafanya kuku wajinyonyoe wenyewe.

SWALI: Nikileta kuku wapya, wenyeji huwapiga. Nawaingizaje?

JIBU: Waweke wiki 2 nyuma ya wavu, waonane bila kugusana, muda huo pia utakuonyesha kama wana ugonjwa. Kisha waingize usiku, wote kwa pamoja, uwapandishe kwenye fito. Usiingize mmoja peke yake. Asubuhi ongeza chombo cha maji na cha chakula, na usimamishe ubao au matawi ya kujificha. Vurugu za siku chache ni za kupanga nani mkubwa. Ingilia ukiona damu.