Kompyuta ya kuunga kwa ajili ya macOS

SWALI: Ndugu Mhariri, nahariri video za harusi hapa Ujiji na ninataka kuunga kompyuta ya mezani itakayoendesha macOS, mfumo endeshi wa kompyuta za Apple. Fundi amenishauri ninunue kadi ya picha ya Nvidia RTX 3060 kwa kuwa ina nguvu. Je, itafaa?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, haitafaa, wala tatizo si nguvu. macOS haina viendeshi vya kadi hiyo, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuitumia, kwani viendeshi ambavyo Nvidia ilivitoa yenyewe viliishia kwenye toleo la High Sierra la mwaka 2017. Tafuta Radeon RX 580 au RX 6600, lakini ujihadhari na RX 6500 XT, ambayo pamoja na kufanana jina haitambuliki kabisa.

Kwa upande wa prosesa, Intel Core i5-10400 inatosha. Kabla hujalipa, soma maandishi yaliyo juu ya kifuniko chake cha chuma: jina la modeli likiishia na herufi F, prosesa hiyo haina sehemu ya picha ya ndani, sehemu ambayo humpunguzia mhariri wa video kazi anapobana faili. Intaneti tumia ya waya, uepuke usumbufu wa kadi za Wi-Fi.

Hata hivyo, leseni ya Apple inaruhusu mfumo huu kwenye kompyuta zake tu, na macOS 26 ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kwa prosesa za Intel. Mimi nisingeweka fedha nyingi hapo. Programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve hufanya kazi vizuri kwenye Windows, na huko RTX 3060 ya fundi wako inafaa sana.