Ile jimnastiki ya wavulana ni ya kweli?

Swali: Shikamoo dada, mi niko kidato cha pili hapa Chang'ombe Dodoma, nimeangalia anime (katuni ya Kijapani) ya Bakuten!! mpaka machozi, ule mchezo wa jimnastiki ya wavulana upo kweli au wametunga?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, upo kabisa! Ni jimnastiki ya midundo ya wanaume, imezaliwa hukohuko Japani, kwenye timu wanacheza sita bila kushika kifaa chochote, ila Olimpiki haumo, kule midundo ni ya wanawake tu na hilo linaniuma sana. Anime ilitoka 2021, episodi 12, filamu ikafuata 2022. Rudia uangalie mikono yao kabla hawajaruka, inanyooka pamoja kama ya mtu mmoja, mi hapo nasisimka kila mara. Ukitaka kujaribu kupinduka kinyumenyume usianzie kwenye ardhi yetu hii ngumu, tafuta mchanga laini na mtu anayejua akushike kiuno.