Maswali ya Wasomaji: Wananiita Afande kabla sijaanza kazi

SWALI

Mama, salaam nyingi kutoka Mbale. Nina miaka 31 na shahada ya kemia, na kwa miaka sita nimekuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu. Mwezi uliopita niliteuliwa kuwa afisa wa usalama wa maabara zote za kitivo. Habari zilipotoka tu, wenzangu tunaokula nao mchana wakaanza kuniita "Afande". Profesa mmoja alinisimamisha mlangoni kwake akaniambia alianza kushika tindikali kabla sijazaliwa, kwa hiyo nisije kumfundisha kuvaa miwani. Naomba uniambie ukweli: kazi hii ni nini hasa? Na nifanyeje ili watu wanitii?

Msomaji wa Mbale

JIBU

Mwanangu, hongera. Kazi hiyo nimeifanya miaka 19 katika chuo kimoja hapa Kampala, na hapo kwenye kutiiwa ndipo mimi mwenyewe nilipoanzia vibaya.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikizunguka na daftari. Siku moja nilimkuta binti wa mwaka wa tatu anairudishia kifuniko sindano iliyokwisha kutumika. Ni kosa, maana watu wengi hujichoma hapo hapo. Nikamgombeza mbele ya darasa zima, nikamtoa nje, nikarudi ofisini nikijiona nimefanya kazi. Wiki iliyofuata, Ijumaa asubuhi, kijana wa darasa lile lile alijichoma na sindano yenye damu ya mgonjwa. Hakumwambia mtu. Aliosha kidole, akavaa glavu nyingine, akaendelea na vipimo.

Alikuja kwangu Jumanne jioni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Dawa za kuzuia VVU baada ya kujichoma hutakiwa zianze haraka iwezekanavyo, saa 72 zisipite, kisha humezwa kwa siku 28. Hesabu mwenyewe toka Ijumaa asubuhi hadi Jumanne jioni. Nilimpeleka hospitali, tukakaa pamoja kwenye benchi mpaka usiku. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alinijibu kwa heshima kabisa: "Madam, niliogopa utanitoa nje kama yule dada."

Miezi ilipita kabla ya vipimo vya mwisho kutoka, na vilitoka vizuri, namshukuru Mungu. Lakini usiku wote ule aliokesha akisubiri, mimi ndiye niliyemtwika.

Kwa hiyo kazi yako, mwanangu, ni kuambiwa. Uambiwe mapema, na uambiwe na yule aliyekosea. Kuna mengine, na utayajua upesi: orodha ya kemikali, mafunzo ya wanafunzi wapya, taka, ripoti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, basi isome yote, maana siku ya kuomba fedha utaihitaji. Lakini sheria haitakuambia kwamba kuna mtu anaweka tindikali kwenye chupa ya maji ya kunywa. Hilo utaambiwa na binadamu asiyekuogopa.

Chupa hizo zitakuhangaisha kuliko kitu chochote, pamoja na za taka. Mwanafunzi anamimina mabaki ya asidi ya nitriki juu ya mabaki ya ethanoli, anafunga kifuniko, anakwenda nyumbani. Ndani ya chupa gesi inaongezeka hadi kioo kinapasuka, pengine usiku, pengine mtu akipita. Mwingine anamwaga jiki kwenye sinki lenye asidi, na klorini inapanda hadi puani. Kila chupa iwe na jina la kilichomo na tarehe, na taka zisichanganywe kwa sababu tu nafasi imebaki.

Halafu umeme. Ukikatika, feni ya kabati la kuvuta moshi inasimama, na moshi uliokuwa unapanda bombani unarudi usoni kwa mtu. Jenereta haiwaki papo hapo. Wazoeze watu wako waache wanachofanya, wafunike chupa, washushe kioo cha kabati, watoke. Wafanye zoezi hilo mchana, umeme ukiwapo, hadi mikono izoee. Na bomba la kuoshea macho lisizibwe na maboksi. Tindikali ikiingia jichoni, jicho linataka maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku maji ya mjini yamekauka lazima tangi la akiba liwe limejaa.

Kuhusu profesa wako, usimpelekee fomu kwanza. Mpelekee kipande cha karatasi laini, ukishike mdomoni mwa kabati lake, mtazame pamoja kama kinavutwa ndani au kinaning'inia tu. Wa kwangu alikuwa mgumu vile vile, mpaka alipoona karatasi haitikisiki. Na kama mazungumzo yakifika huko, msimulie habari za Profesa Karen Wetterhahn wa Dartmouth, Marekani, bingwa wa metali zenye sumu. Agosti 1996 matone machache ya dimethili zebaki yalianguka juu ya glavu yake ya mpira. Hakuwa mzembe, alikuwa amevaa alichoamini kinatosha. Baadaye ilipimwa ikaonekana sumu ile hupenya glavu za aina hiyo kwa sekunde chache. Alifariki Juni 1997. Simwelezi mtu kisa hiki ili kumtisha. Namweleza kwa sababu uzoefu wa yule mama ulikuwa mkubwa kuliko wangu na wa profesa wako.

Jina la Afande litakwisha lenyewe. Endelea kula nao mchana.

Jumatatu ukianza, kabla hujaenda kwa mkuu wa kitivo, watafute wafagiaji. Wao huingia kila chumba na hawaalikwi kwenye mafunzo. Waulize ni wapi wanapaogopa. Mimi nilipouliza, mama mmoja alinipeleka kwenye kabati chini ya ngazi, akanionyesha chupa kuukuu yenye chembe za manjano shingoni. Ilikuwa asidi ya pikriki iliyokauka, na ikikauka inaweza kulipuka kwa kusuguliwa tu, hata kwa kuzungushwa kifuniko. Yule mama alikuwa akiipangusa vumbi kila Ijumaa. Polisi wa mabomu ndio walioiondoa. Wewe ukikuta ya namna hiyo, usiiguse wala usijaribu kuisogeza. Toa watu, funga mlango, weka mtu wa kulinda, kisha piga simu.