Jibu: Pinakbet yangu (mboga mseto za Kifilipino) imekuwa chungu na chumvi imezidi, nimekosea wapi?

Pole ndugu. Karela, ile mboga chungu, imetawala, boga limekuwa uji, chumvi haisemeki: yangu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo.

Bagoong, ule uduvi uliochachushwa, ni chumvi tosha. Usiongeze nyingine, anza na kijiko kimoja cha chakula, onja mwishoni. Karela itoe mbegu na utando mweupe, ipake chumvi dakika 15, ikamue, isuuze.

Kaanga nguruwe mwenye mafuta hadi abadilike rangi, tia tangawizi, kitunguu, nyanya, bagoong na maji nusu kikombe. Boga litangulie, bilinganya, bamia na karela zikae juu. Sasa weka mwiko chini! Wailokano wa kaskazini mwa Luzon, kisiwa cha Ufilipino, wenye chakula chao, hutikisa sufuria ikiwa imefunikwa. Jina lenyewe latokana na neno lao la kunyauka: mboga zinywee, zisipondeke. Kamba waingie dakika 3 za mwisho; wakijikunja na kugeuka rangi ya waridi, epua.

Mgeni mwenye mzio wa kamba asionje hata mchuzi. Midomo ikivimba au pumzi zikibana, hospitali mara moja.